Baraza na Ndani: Kuitangaza Kazi Yako kwa Simu Pasipo Kuianika Nyumba Yako

MASOMO YA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA
Maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya saa ya somo, andika ubaoni maneno haya: faragha, mtandao wa kijamii, ridhaa, tapeli, baraza. Uwasomeshe wanafunzi mara mbili. Hakikisha kuwa redio inasikika mpaka nyuma. Wenye simu wazime mlio, lakini wasiziweke mbali. Tutazihitaji mwishoni.

SOMO LINAANZA

  Wiki iliyopita tulijifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Leo tutasoma habari ya jambo lililo jirani na hilo. Tutajifunza namna ya kuitangaza kazi yako katika mitandao ya kijamii, na papo hapo kuilinda faragha yako.

Tazameni ubaoni. Someni pamoja nami: fa-ra-gha. Faragha ni hali ya kuwa na mambo yako mwenyewe, ambayo watu wengine hawana ruhusa ya kuyaingilia. Si lazima yawe mambo mabaya. Mtu akioga hufunga mlango. Je, anafanya ubaya? La. Anaoga tu.

Sasa someni maneno haya: mtandao wa kijamii. Huu ni mpango wa intaneti unaowawezesha watu wengi kupelekeana habari, picha na sauti kwa simu au kompyuta. Wengi wenu mwaijua Facebook, iliyoanza mwaka 2004. Mwaijua WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, na Instagram, iliyoanza mwaka 2010. Zote tatu sasa ni mali ya kampuni moja ya Marekani, iitwayo Meta. Ipo na TikTok, na mingine mingi.

Mitandao hii yafaa sana kwa kazi. Zamani fundi alingojea mpita njia amwone barazani. Leo fundi wa Tanga aweza kuonwa na mteja wa Dodoma kabla chai haijapoa. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakijiuzi kikiwa kimefungiwa sandukuni. Lazima kionekane kwanza.

Basi swali letu la leo ni hili: Nionyeshe nini, na nifiche nini?

NYUMBA YENYE BARAZA

Ili tulijibu swali hilo, tuifikirie nyumba ya Kiswahili. Mbele ya nyumba pana baraza. Kila apitaye aweza kuketi barazani, akaamkiwa, akazungumza. Baada ya baraza pana mlango, na ndani ya mlango pana ukumbi. Hapo huingia anayejulikana: rafiki, jirani, mgeni aliyepiga hodi akaitikiwa. Mbele zaidi pana vyumba vya kulala, na nyuma kuna ua, wanawake wanapopikia na watoto wanapooga. Huko mgeni haingii.

Je, mwenye nyumba hiyo ni mchoyo kwa kuwa hakumkaribisha kila mtu chumbani? Hata kidogo. Je, anajificha? Hata kidogo, kila siku yupo barazani. Yeye ameipanga nyumba yake tu. Kila jambo lina mahali pake.

Shida ya simu ni kwamba haina kuta. Ukibonyeza mara moja, jambo la chumbani latoka mpaka barazani, wala husikii mlango ukifunguka. Kwa hiyo yakupasa kuzijenga kuta mwenyewe.

HADITHI YA BIBI CHEREHANI

Sasa sikilizeni hadithi ya mfano. Tumwite mtu wetu Bibi Cherehani. Ni mama mshonaji, tuseme anakaa Ngamiani, katika mji wa Tanga. Anashona madera, magauni ya harusi na sare za shule. Kushona alifundishwa na shangazi yake, na mkono wake ni mzuri.

Bibi Cherehani alinunua simu, akaanza kuweka picha za kazi yake katika Facebook. Watu walizipenda, na wateja waliongezeka. Akafanya kundi la WhatsApp la wateja wake. Ili watu waingie kwa urahisi, aliweka kiungo cha kundi hilo katika Facebook, hata asiyemjua akaweza kuingia. Kundi likafika watu themanini. Biashara ikachangamka.

Alikuwa na ukurasa mmoja tu, na namba moja tu ya simu. Katika ukurasa huo aliweka picha ya gauni asubuhi, na picha ya mtoto wake mchana. Siku moja aliweka picha ya mtoto akiwa na sare, na jina la shule likasomeka kifuani. Siku nyingine alimshona bibi harusi, akafurahi mno kwa ile kazi, akaipiga picha akaituma kwa watu wote. Harusi ilikuwa bado siku tatu. Ndugu za bwana harusi wakaliona gauni kabla ya siku yake. Bibi harusi alilia. Alilichukua gauni, akalipa, lakini hakurudi tena, wala mama yake hakurudi, wala shangazi zake.

Kisha mtoto wa Bibi Cherehani akaugua homa, akalazwa. Mama kwa uchungu aliandika katika ukurasa wake: "Mniombee, mwanangu amelazwa, nimefunga duka." Watu wakamjibu kwa wema. Hakuna aliyemlaumu, nasi hatumlaumu. Mtu akipatwa na shida hutafuta watu.

Lakini kati ya watu themanini wa kundi lile alikuwamo tapeli. Neno hili lipo ubaoni: tapeli, yaani mtu anayewalaghai wengine kwa ujanja apate mali yao. Tapeli yule alichukua picha ya Bibi Cherehani, akaiweka katika namba yake mwenyewe. Namba za wateja alikuwa nazo, kwa kuwa zilionekana kundini. Akawaandikia mmoja mmoja: "Ni mimi fundi wako. Simu yangu imeharibika, natumia hii. Mtoto bado yuko hospitali na nadaiwa dawa. Nakuomba unitumie pesa iliyobaki ya nguo yako. Likitokea jina la mtu mwingine usijali, ni la wakala."

Wateja watatu walituma. Wawili walitoa shilingi 40,000 kila mmoja, wa tatu akatoa 65,000. Jumla yake ni ngapi? Andikeni hesabu hiyo daftarini.

(Kituo kifupi. Kiongozi wa darasa amwite mwanafunzi mmoja afanye hesabu ubaoni.)

Naam, ni shilingi 145,000. Bibi Cherehani aliporudi dukani alikuta wateja watatu wanadai nguo zao, nao wamekwisha kulipa. Alipowauliza walimwaminije mtu wasiyemjua namba yake, mmoja akamjibu: "Mimi nilitoa kwa sababu nilijua mtoto wako anaumwa. Wewe mwenyewe ulituambia."

Bibi Cherehani alinyamaza. Kisha akazishona nguo zote tatu, wala hakuwadai tena. Pesa ilipotea, lakini jina lilibaki.

KWA NINI MAMBO YALIKUWA HIVYO

Wanafunzi wapenzi, tusimcheke mama huyu. Tutafute sababu. Maneno ya mtandaoni yanatofautiana na maneno ya barazani kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza: hudumu. Neno la barazani hupita na upepo. Neno la mtandaoni hukaa. Waweza kulifuta kwako, lakini aliyelinakili anabaki nalo. Hata picha ya WhatsApp inayowekwa katika "status", ambayo hutoweka baada ya saa 24, mtu aweza kuinasa katika simu yake akaiweka daima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jambo la pili: husafiri. Wewe wadhani unasema na wateja wako. Mteja mmoja humpelekea dada yake, naye humpelekea jirani. Ndivyo gauni lilivyofika kwa ndugu za bwana harusi.

Jambo la tatu, nalo ndilo linalosahauliwa: hukusanyika. Kipande kimoja cha habari hakina nguvu. Jina la duka, si neno. Picha ya uso, si neno. Habari ya mtoto mgonjwa, si neno. Namba za wateja, si neno. Lakini tapeli aliviokota vipande vyote vinne, akavishona pamoja kama fundi. Akapata vazi linalomkaa Bibi Cherehani sawasawa, akalivaa yeye. Uongo mtupu watu hawauamini. Uongo uliotiwa ukweli mwingi ndani yake, huo ndio huaminiwa.

Tena kumbukeni hili. Kutumia Facebook na Instagram hatulipi. Kampuni yenyewe hupata fedha zake kwa kuuza matangazo, na huyachagua matangazo ya kukuonyesha kwa kuangalia yale unayoyapenda na kuyafanya humo. Basi hata pasipo tapeli, yupo anayeyasoma mambo yako. Si kosa kuitumia mitandao hiyo. Lakini yafaa ujue bei yake.

HADITHI YA BWANA RANDA

Labda mmoja wenu anasema moyoni: "Kama ndivyo, mimi naizima simu. Sitaweka kitu." Basi sikilizeni habari ya jirani yake, tumwite Bwana Randa, fundi seremala.

Bwana Randa aliposikia yaliyompata Bibi Cherehani, alizifuta picha zake zote. Hata namba yake ya kazi aliiondoa. Alisema, "Anijuaye ataniona hapa hapa." Mwezi uliofuata shule moja ilihitaji madawati arobaini. Mwalimu mkuu alisikia sifa za Bwana Randa, akatuma mtu kuuliza kama zipo picha za kazi aliyokwisha kuifanya. Hazikuwapo. Fundi mwingine, ambaye hakumshinda Bwana Randa hata kidogo kwa randa wala kwa patasi, alituma picha kumi pamoja na bei. Kazi akapewa yeye.

Mmeona? Mmoja alipata hasara kwa kufungua kila mlango. Mwingine alipata hasara kwa kufunga hata baraza. Faragha haina maana ya kujificha. Maana yake ni kwamba wewe mwenye nyumba ndiwe unayechagua nini kiwe wapi.

NINI KIKAE WAPI

Haya, chora nyumba daftarini mwako, uigawe sehemu tatu.

Barazani, ambapo kila mtu huona, weka mambo ya kazi: jina la biashara, aina ya kazi, picha za vitu ulivyovitengeneza, bei, saa za kazi, mtaa lilipo duka, na namba ya simu ya kazi. Weka pia sifa za kweli ulizopewa na wateja waliokubali kutajwa.

Ukumbini, kwa wateja na watu mnaojuana, weka mazungumzo ya kazi: vipimo vya nguo, siku ya kuchukua, malipo. Haya ni ya watu wawili, mteja na fundi. Hayasemwi mbele ya watu themanini.

Ndani, weka watoto, ugonjwa, ugomvi wa ndoa, safari, madeni, namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, na namba za siri. Habari za safari ziseme ukisharudi. Anayeandika "tumesafiri sote siku saba" amewaambia wezi kwamba nyumba ni tupu.

Mtu mmoja aliwahi kuniuliza: "Lakini mwalimu, watu hawanunui kwa mtu wasiyemjua. Nisiposema habari zangu, wataniaminije?" Hilo ni swali zuri, na lina ukweli. Mteja hutaka kumjua mtu. Lakini anataka kumjua fundi. Mwonyeshe uso wako. Mwonyeshe mikono yako ikikata kitambaa. Mweleze kwa nini mshono huu haufumuki upesi. Ukikosea, kiri, urekebishe, waone jinsi unavyorekebisha. Bibi Cherehani aweza kusimulia jinsi shangazi alivyomfundisha kwenye cherehani ya miguu. Hayo ni mambo yake mwenyewe, lakini yanaieleza kazi, na tapeli hapati kitu humo. Homa ya mtoto haielezi kazi. Hiyo na ibaki kwa jamaa na majirani, ambao watakuja na uji.

KUJENGA KUTA KATIKA SIMU

Sasa tuje kwenye vitendo.

Kwanza, tenga namba ya kazi na namba ya nyumbani. Simu nyingi zina nafasi ya laini mbili. Upo mpango uitwao WhatsApp Business, uliotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Kuupata hakulipiwi. Waweza kuuweka katika simu moja pamoja na WhatsApp ya kawaida, kila mmoja na namba yake. Humo waandika jina la biashara, saa za kazi, na orodha ya bidhaa zenye picha na bei. Katika Facebook, fungua ukurasa wa biashara, mbali na ule wako wa nyumbani.

Pili, fungua mahali palipoandikwa "Mipangilio", kisha "Faragha". Hapo utachagua nani aione picha yako, na nani ajue saa uliyokuwa mtandaoni. Waweza kuchagua watu wote, au wale tu ambao namba zao umezihifadhi, au asiwepo mtu. Kwa "status" vilevile waweza kuchagua watu wa kuiona na watu wa kutoiona.

Tatu, zilinde namba za wateja. Katika kundi la kawaida la WhatsApp wanakundi huona namba za wenzao. Ukitaka tu kuwatangazia watu kitambaa kipya, tumia orodha ya matangazo. Wewe huandika mara moja, kila mteja hupokea peke yake, wala hamwoni mwenzake. Ila mteja hataupata ujumbe mpaka awe ameihifadhi namba yako. Kwa hiyo mwombe aihifadhi.

Nne, washa "uthibitishaji wa hatua mbili". Hii ni namba ya siri ya tarakimu 6 unayojiwekea mwenyewe. Tena, mtu akikuomba umsomee namba iliyokuja kwa ujumbe katika simu yako, usimsomee, hata akisema yeye ni mkuu wa kampuni. Namba ile ni ufunguo wa nyumba.

Tano, waambie wateja wako mapema: "Mimi napokea malipo kwa namba hii tu, na jina litakalotokea ni hili." Waandikie dukani na katika ukurasa wako. Wazoee kusoma jina kabla ya kutuma.

PICHA YA MTU MWINGINE

Tufike sasa kwa neno lililobaki ubaoni: ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, baada ya kujua unachokikubali. Gauni ni kazi ya fundi, lakini mwili uliolivaa ni wa bibi harusi. Picha ile ina wenyewe wawili. Kabla ya kuitangaza, muulize: "Je, waniruhusu niweke picha hii? Niiweke lini? Uso uonekane au usionekane?" Akikataa, piga picha ya gauni likiwa limetundikwa. Kazi yako itaonekana vilevile.

Jambo hili si la adabu tu. Ni la sheria pia. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 16, yalinda faragha ya mtu, ya familia yake, ya maskani yake na ya mawasiliano yake. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ipo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo yataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, wala zisigeuzwe kutumiwa kwa kusudi jingine. Mteja alikupa namba yake umwambie nguo ikiwa tayari. Hakukupa umwuzie mtu mwingine.

Jirani zetu wa Kenya wanayo sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto pasipo ridhaa ya wazazi. Wakati huo huo mahali pamoja pa starehe jijini Nairobi palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Wote hao walitaka kujitangaza tu, wakasahau kuuliza.

KWA WANAOTAFUTA KAZI YA KUAJIRIWA

Huenda wewe si fundi. Wewe ni dereva, mpishi, mwuguzi au karani, nawe unatafuta kazi au kupandishwa cheo. Somo ni lile lile. Waajiri wengine hutazama kurasa za mtu kabla ya kumwita. Waone chakula ulichopika, cheti cha mafunzo uliyomaliza, maneno ya heshima unayoandika. Lakini picha nzima ya kitambulisho chako usiiweke, wala usiandike namba yake.

Tena usitangaze mambo ya mwajiri wala ya wale unaowahudumia. Mwuguzi anayepiga picha wodini, huku mgonjwa anaonekana nyuma yake, ameanika faragha isiyo yake. Na matusi juu ya tajiri wako wa zamani humfanya tajiri mpya ajiulize: "Kesho atanitukana mimi?" Siri ya mtungi aijuaye kata, basi nayo kata isiwe na mdomo mrefu.

MASWALI MATATU YA MLANGONI

Ukisahau yote ya leo, usiyasahau maswali haya matatu. Jiulize kabla ya kubonyeza:

1. Je, jambo hili lamsaidia mtu kuijua kazi yangu?
2. Je, yupo mtu mwingine ndani yake, na kama yupo, ameridhia?
3. Je, mtu mbaya akilipata, ataweza kulitumia kunidhuru mimi, mtoto wangu au mteja wangu?

Jibu la kwanza likiwa ndiyo, hakuna ambaye hajaridhia, na la tatu likiwa hapana, litoe barazani. Vinginevyo, subiri mpaka kesho. Tangazo lililongoja usiku mmoja halikosi mnunuzi.

Na kama tapeli amekwisha kukupata, usione haya ukanyamaza. Watangazie wateja wako upesi. Toa habari polisi. Kwa Tanzania, upeleke ujumbe wa tapeli kwenye namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo. Tena piga *106# uone kama ipo laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako pasipo wewe kujua.

Bibi Cherehani amefanya hivyo. Sasa ana laini mbili, na ukurasa wa kazi usio na mtoto ndani yake. Ukutani dukani ameandika kwa chokaa namba moja ya malipo na jina lake. Wateja wawili kati ya wale watatu wanashona kwake hata leo. Yule bibi harusi hajarudi, na huenda hatarudi. Lakini kila bibi harusi mpya huulizwa kwanza, na wengi husema, "Weka, fundi, ila ungoje harusi ipite." Naye hungoja.

Hapo ndipo somo letu linapokoma. Wiki ijayo tutajifunza kuweka hesabu ya mapato na matumizi. Kwaherini, mabibi na mabwana, na mjifunze vema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Faragha ni nini? Toa mfano wa nyumbani kwako.
2. Tapeli aliokota vipande vinne vya habari. Vitaje. Ni kipi kingezuiwa kwa urahisi zaidi?
3. Bwana Randa alikosa kazi kwa nini? Wewe ungemshauri nini?
4. Je, mama aliyeandika kwamba mtoto wake amelazwa alikosea? Zungumzeni, na kila mmoja atoe sababu.
5. Fundi wa nywele amemsuka mteja, naye ataka kutangaza picha. Aseme nini kwanza?

KAZI YA KUANDIKA

Andika tangazo la kazi yako lenye sentensi tano. Kisha mpe mwenzako alisome, alipitishe katika maswali matatu ya mlangoni. Wenye simu, fungueni "Mipangilio", mtafute "Faragha", na mwandike daftarini yale mliyoyakuta humo. Asiyeweza kusoma maandishi madogo asaidiwe na jirani yake, lakini jirani asiguse namba ya siri.